Vumbi la kiangazi Dodoma na macho yanayochonyota kila jioni: nifanye nini?

Dereva wa Nkuhungu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni dereva wa bodaboda katika jiji la Dodoma. Abiria wangu wengi hukaa Nkuhungu, Chang'ombe na Ipagala, na ili niwafikishe milangoni mwao ni lazima nipite barabara za mitaani ambazo hazina lami. Wenyeji wanafahamu kwamba mvua zikishakatika, ardhi ya hapa hukauka ikawa kama unga, na ifikapo Agosti na Septemba upepo huwa mkali kiasi kwamba kisulisuli husimama katikati ya njia mchana kweupe na kumwaga mchanga juu ya kila kilichopo. Lori la kokoto likitangulia mbele yangu, sioni tena njia bali vumbi tupu.

Nikirudi nyumbani jioni macho yote mawili huwa mekundu na yanachonyota, na huhisi kana kwamba kuna mchanga chini ya kope ingawa nikijitazama kwenye kioo sioni kitu. Asubuhi huamka na tongotongo kidogo kwenye pembe za macho. Aidha, katika jicho la kulia, upande wa puani, kumeanza kuota kitu chembamba chenye rangi ya nyama ambacho hakiniumi lakini kinanitia wasiwasi.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, kibanzi au mchanga unapoingia jichoni nikiwa njiani na abiria, ni hatua gani iliyo sahihi? Kijiweni kwetu kila mtu ana njia yake: yuko anayepuliza, yuko anayetumia ncha ya leso, na yuko mwenzetu mmoja anayesifiwa kwa kutoa taka kwa njiti ya kiberiti. Pili, kwenye duka la dawa huwa napewa matone yanayoondoa wekundu kwa muda mfupi sana, lakini nikiacha kuyatumia wekundu unarudi ukiwa mkali zaidi. Je, niendelee nayo? Tatu, ninashauriwa kuosha macho kwa chai ya rangi iliyopoa, au kwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Je, kuna ukweli wowote katika hayo?

Natanguliza shukrani.

Muuguzi wa Macho amejibu:

Ndugu Dereva, pole na kazi. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya macho, na malalamiko yako ndiyo tunayoyasikia kila kiangazi kutoka kwa madereva, mafundi ujenzi, wakulima wanaopura mtama na akina mama wanaouza mboga kando ya barabara. Nitajibu kwa urefu kwa sababu nimeona macho mengi yakiharibika, na mara nyingi kilichoyaharibu si vumbi lenyewe bali ni kile kilichofanywa au kilichotiwa jichoni baada ya vumbi kuingia.

Jicho lina njia yake ya kujisafisha. Mtu akiwa ametulia hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, na kila anapopepesa, kope hutandaza tabaka jembamba la machozi juu ya konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Tabaka hilo lina ute unaoshika kwenye jicho, maji yanayosukuma taka kuelekea pembe ya puani, na mafuta ya juu yanayozuia maji yasikauke. Dereva anayekodolea barabara hupepesa mara chache zaidi, upepo unamkausha, na vumbi linanyonya yale machozi machache yaliyobaki. Ndiyo sababu unahisi mchanga hata pale ambapo hakuna mchanga: konea ina mishipa mingi sana ya fahamu, na ikikauka hulalamika vilevile kama iliyoguswa na kitu.

Sasa kuhusu kitu kinachoingia ukiwa njiani. Simama kwanza, kwa maana hakuna abiria anayestahili kuendeshwa na mtu mwenye jicho moja lililofumba. Usifikiche. Najua mkono huenda wenyewe, lakini chembe ya mchanga ina kingo kali, na unapoikandamiza kati ya kope na konea inakwaruza. Pepesa mara nyingi huku ukitazama chini, uyaache machozi yafanye kazi. Ikiwa haitoki, shika nywele za kope la juu kwa upole, livute kope hilo mbele na chini mpaka lifunike kope la chini, kisha liachie. Nywele za kope la chini hufagia upande wa ndani wa lile la juu, na mara nyingi chembe hutoka hapo hapo. Hatua inayofuata ni maji. Nawa mikono, inamisha kichwa upande wa jicho lenye taka ili uchafu usihamie jicho la pili, na mimina maji safi taratibu kutoka upande wa puani kuelekea nje huku jicho likiwa wazi. Maji ya chupa yanatosha, na maji yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha pia. Maji ya chumvi ya kujitengenezea jikoni siyapendekezi, kwa kuwa kipimo kikizidi yatakuchoma. Ya hospitali yana chumvi gramu 9 kwa kila lita, na si rahisi kulipata hilo kwa kukadiria na kijiko.

Kuhusu njiti ya kiberiti, leso na kupuliza, naomba mziache kabisa hapo kijiweni. Pumzi ya mtu hubeba mate na vijidudu. Njiti ni kijiti kikavu chenye ncha, na kinaelekezwa kwenye kioo chenye unene wa takriban nusu milimita. Mwenzenu anasifiwa kwa wale waliopona, ilhali wale waliopata kidonda baadaye huja kwetu wala hawarudi kijiweni kutoa taarifa.

Zipo nyakati ambazo maji hayatatosha. Upande wa ndani wa kope la juu, kama milimita 2 kutoka ukingoni, kuna kifereji ambamo ganda la mtama au punje ya mchanga hupenda kujibanza. Mgonjwa wa namna hii anapofika kliniki, tunadondosha rangi ya manjano iitwayo fluoreseini, kisha tunamulika kwa taa ya bluu. Palipokwaruzwa hung'aa rangi ya kijani, na tukikuta mistari myembamba iliyosimama wima juu ya konea tunajua mara moja kwamba kitu kiko chini ya kope na kinachora mstari mpya kila anapopepesa. Tunamwambia atazame chini, tunalipindua kope kwa kijiti cha pamba, tunaitoa taka kwa pamba iliyoloweshwa, na sura ya mgonjwa hubadilika palepale. Mkwaruzo mdogo ulioachwa safi kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu.

Fika hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya: uoni umeingia ukungu, mwanga unaumiza kiasi kwamba huwezi kufungua jicho, maumivu hayapungui baada ya kuosha, kuna usaha, mboni imebadilika umbo, au kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Doa jeupe ni kidonda cha konea, na kidonda hicho kikichelewa kutibiwa huacha kovu ambalo hakuna miwani inayoweza kulirekebisha. Mkulima aliyechapwa jichoni na jani la muhindi au bua la mtama asisubiri hata kama maumivu ni madogo, kwa sababu mimea hupandikiza fangasi, na fangasi wa jicho huanza polepole huku mtu akidhani anapata nafuu.

Matone unayopewa yanahitaji uangalifu mkubwa. Yale yanayong'arisha jicho kwa haraka hubana mishipa midogo ya damu. Dawa ikiisha nguvu mishipa hutanuka kupita ilivyokuwa, nawe unalazimika kudondosha tena. Hayo ndiyo unayoyaeleza. Hata hivyo, ninaogopa zaidi chupa za aina nyingine, ambazo ndani yake antibayotiki imechanganywa na deksamethasoni au steroidi nyingine. Hizo hutuliza kila aina ya wekundu, na kwa hiyo watu huzipenda, lakini zikitumika kwa muda mrefu bila daktari hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho, na jicho likiwa na kidonda cha fangasi au cha virusi huchochea ugonjwa uenee. Soma jina la dawa kwenye kibandiko, au mwonyeshe mfamasia, kabla ya kudondosha tone jingine. Kwa hali uliyoieleza, dawa ya kuulizia ni machozi bandia, ambayo hulainisha jicho bila kubana mishipa. Tone moja linatosha, kwa sababu jicho haliwezi kubeba zaidi ya hapo na linalobaki humwagika shavuni. Ncha ya chupa isiguse kope, chupa isichangiwe na mtu mwingine, na ikishafunguliwa itupwe baada ya wiki nne, isipokuwa kama kibandiko kinasema vingine.

Hicho kinachoota upande wa puani, kwa maelezo yako, kinafanana na kile tunachokiita kinyama cha jicho, ambacho huwapata zaidi watu wanaoishi juani, penye upepo na vumbi. Si saratani, na kikiwa kidogo tunakiangalia tu huku tukimhimiza mtu avae miwani. Kikianza kutambaa kuelekea mboni huondolewa kwa upasuaji, ingawa huweza kuota tena mtu akirudi kwenye jua bila kinga. Hata hivyo, lazima mtu mwenye kifaa akitazame ili athibitishe, kwa sababu sina uwezo wa kupima jicho kwa maandishi. Hapo Dodoma unazo hospitali ya rufaa ya mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Hospitali ya Mvumi nayo imehudumia wagonjwa wa macho kwa miaka mingi.

Fundi Chuma amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya dada yetu muuguzi. Naomba niongeze upande wa karakana, kwa kuwa wengi watasoma uzi huu wakidhani taka zote za jicho ni sawa, na hazifanani hata kidogo.

Mimi nachomelea na kukata vyuma. Kipande kinachoruka kutoka kwenye jiwe la grinda huwa cha moto, na kikigonga konea hujichimbia humo. Mtu anaweza kuamka kesho yake akaona jicho limetulia, akaendelea na kazi, kumbe chuma kimeanza kushika kutu ndani ya konea na kuacha duara la rangi ya kahawia. Duara hilo halioshwi kwa maji, bali hukwanguliwa na mtaalamu kwa kifaa maalumu baada ya kutia ganzi. Hatari kubwa zaidi ni kugonga chuma kwa chuma, kama fundi anayepiga patasi kwa nyundo iliyochanika kichwa. Kipande kinachoruka hapo kinaweza kutoboa jicho na kuingia ndani kupitia tundu dogo ambalo halionekani, na maumivu yakawa kidogo tu. Jicho la namna hiyo halioshwi wala halikandamizwi. Unalikinga kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kikombe cha karatasi, na kuelekea hospitali moja kwa moja.

Kuna pia mwanga wa kuchomelea. Kijana msaidizi anayeshikilia nondo bila kioo cha kinga hahisi chochote mchana, lakini saa sita hadi kumi na mbili baadaye, mara nyingi usiku wa manane, huamka akilia kwamba macho yamejaa mchanga. Hakuna mchanga wowote hapo. Konea imeungua kwa mionzi. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili akiwa gizani na akipewa dawa na mtaalamu. Wapo wanaotafuta matone ya ganzi ili warudi kazini, na hili nalisema kwa uchungu: matone hayo ni ya kutumiwa na mtaalamu kliniki wakati wa kupima au kutoa taka, kwa kuwa mtu akiyadondosha nyumbani mara kwa mara konea hushindwa kujiponya na inaweza kuyeyuka huku yeye hasikii maumivu.

Kwa wenzetu wa ujenzi: chokaa na saruji si vumbi la kawaida. Zikikutana na machozi huunguza, na huendelea kuzama ndani dakika hadi dakika. Mtu akimwagikiwa chokaa jichoni asitafutiwe usafiri kwanza. Atiwe maji mengi papo hapo, kope zifunguliwe kwa nguvu ikibidi, punje zilizoganda ziondolewe, na maji yaendelee kumiminwa kwa angalau nusu saa. Baada ya hapo ndipo apelekwe hospitali, na hata njiani maji yaendelee kumiminwa. Kwenye kila eneo ninakofanya kazi naomba ndoo ya maji safi iwekwe karibu na mahali pa kuchanganyia, na nawasihi wasimamizi wafanye hivyo bila kusubiri ajali.

Mwalimu wa Kongwa amejibu:

Ndugu zangu, naomba watoto nao wakumbukwe, kwa sababu wao hawana njia ya kuuliza swali mahali kama hapa.

Mimi nafundisha shule ya msingi wilayani Kongwa. Wakati wa kiangazi wanafunzi hutembea katika vumbi lile lile ambalo Dereva analieleza, na wapo wanaofikicha macho kutwa nzima hadi weupe wa jicho unageuka kuwa wa rangi ya udongo. Wazazi wengi husema ni vumbi tu. Kwa baadhi yao ni mzio, ambao huanza utotoni na huwa mkali katika nchi zenye joto na ukavu, na mtoto anayefikicha kwa miaka mingi anaweza kuharibu umbo la konea yake. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, kikiwekwa juu ya macho yaliyofumbwa, hutuliza mwasho bila dawa yoyote. Hata hivyo, mtoto ambaye mwasho wake unarudi kila mwaka apelekwe kwa wataalamu wa macho wampatie dawa ya mzio wanayoijua, kuliko kununuliwa matone yale yale aliyopewa mtoto wa jirani.

Jambo la pili ni vikope. Wilaya yetu imetajwa sana katika utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na moja ya mambo yaliyochunguzwa hapa ni manufaa ya kunawisha watoto uso. Vikope huletwa na bakteria, na hao husafirishwa na vidole, vitambaa vinavyochangiwa na inzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope hupata makovu, makovu hujikunja, na akishakuwa mtu mzima nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Kwa hiyo mkimsikia bibi akilalamika kila siku kwamba ana mchanga machoni, na anang'oa nywele za kope kwa kibano, msimtafutie matone ya vumbi. Mpelekeni apimwe, kwa sababu upo upasuaji mdogo wa kurudisha kope mahali pake, na unazuia upofu.

Wengi hudhani kwamba kunawisha watoto uso kunahitaji maji mengi, na huku kwetu maji ni ya kutafuta. Kikombe kimoja kinatosha uso wa mtoto. Mimi hutoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki, naininginiza mlangoni mwa darasa, na kila mtoto hunawa kwa maji yanayotiririka kabla ya kuingia. Hatuchangii taulo, kila mmoja hukaushwa na upepo.

Mzee Mstaafu amejibu:

Wanangu, nimewasoma wote kwa makini na ninayo moja ya kusema. Sisi tumelelewa na mama zetu kwa maziwa ya kunyonyesha na majani yaliyopondwa, na hapa nilipo bado nasoma gazeti. Isije ikawa mnafuta kila kilichoachwa na wazee kwa sababu tu hakikutoka kiwandani. Naomba muuguzi anieleze, kwa heshima zote, tatizo liko wapi hasa.

Muuguzi wa Macho amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, wala sikudharau waliotulea.

Kuna tofauti kati ya jicho lililo zima na jicho lililokwaruzwa. Jicho zima likitiwa maziwa ya mama, machozi yatayasafisha na huenda lisipate madhara yoyote. Hao ndio wengi, na ndiyo sababu dawa hizo zimepata sifa. Lakini mtu hatafuti dawa mpaka jicho liume, na jicho linaloumia baada ya kuingiwa na taka mara nyingi lina mkwaruzo. Mkwaruzo ni mlango. Maziwa yanatoka kwenye ngozi yenye bakteria wake, majani yaliyopondwa yana udongo na fangasi, chai imechemshwa lakini imepoa kwenye kikombe kilichoshikwa na mikono, na asali na mkojo navyo si salama. Mgonjwa huja baada ya siku kadhaa akiwa na doa jeupe, na sisi tunaanza matibabu ya kidonda ambacho mwanzoni hakikuwepo. Kwa wagonjwa kama hao, baadhi hubaki na kovu katikati ya konea, na mtu huyo hataliona tena gazeti kwa jicho hilo.

Nikisema hivi simaanishi kwamba wazee hawakuwa na busara. Kuna desturi moja ya nyumbani ambayo naitetea kila siku, nayo ni kumwambia mtoto mwenye taka jichoni alie na apepese bila kufikicha, kisha kumnawisha kwa maji safi. Hiyo ningependa irithishwe.

Dereva wa Nkuhungu amejibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo mzee. Nimesoma kibandiko cha chupa yangu na nimekuta jina la deksamethasoni, hivyo nimeiacha pembeni na nitakwenda nayo hospitali wiki hii ili waione. Limebaki swali la miwani. Kofia yangu ina kioo cha mbele lakini kimechakaa, usiku taa za magari hutawanyika juu yake nikashindwa kuona, kwa hiyo hukifungua na vumbi hunipata. Miwani myeusi ya barabarani nayo nimeambiwa haifai. Nichague kipi?

Mtengeneza Miwani amejibu:

Ndugu Dereva, kioo cha kofia hutawanya mwanga kwa sababu kimekwaruzwa, na kinachokikwaruza zaidi ni kitambaa kikavu. Vumbi la Dodoma lina mchanga ndani yake, na kila unapofuta kioo kikiwa kikavu unakisugua kwa mchanga huo. Kimwagie maji kwanza, tumia sabuni kidogo, kisha kaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Hicho ulichonacho hakitarudi kuwa kipya, na nakushauri ununue kingine. Kwa kofia nyingi kioo huuzwa peke yake bila kofia.

Kwa mchana, tafuta miwani inayozunguka uso hadi pembeni, kwa sababu upepo huingia zaidi ubavuni kuliko mbele. Iwe na maandishi ya UV400, maana yake inazuia mionzi ya jua inayohusishwa na hicho kinyama. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Kioo cheusi kisichozuia mionzi humfanya mtu afungue macho zaidi na mboni itanuke, na hivyo kuruhusu mionzi mingi kuingia. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua lenzi za polikaboneti, kwa kuwa hazivunjiki ovyo zikigongwa na kokoto. Usiku usivae kioo cheusi hata kidogo. Miwani ya aina hiyo hiyo yenye kioo cheupe ipo, na mafundi wa karakana huitumia. Ukiwa unahitaji miwani ya kusomea au ya kuona mbali, mwambie anayekupima kwamba unaendesha pikipiki, ili akutengenezee fremu inayokaribia uso na kuingia ndani ya kofia bila kubana.

Na kofia ya abiria nayo iwe na kioo. Yule unayembeba nyuma hupata vumbi lile lile, na mara nyingi ana mtoto mapajani.